Miche ya nyanya inakatika shingoni kwenye trei, na inayopona inaungua ikitoka kivulini

MkulimaMlali (Mvomero, Morogoro)

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye utaalamu wa kitalu cha nyanya. Shamba ni nusu eka, nafasi ninayotaka ni sm 90 mstari kwa mstari na sm 50 mche kwa mche. Mbegu ni chotara (F1), imekuja na rangi yake ya dawa.

Nimetumia trei za matundu 200. Mchanganyiko ni udongo wa bondeni madebe 2, samadi ya kuku debe 1 na mchanga kidogo. Trei zipo chini ya mwembe, juu nimeweka neti ya kivuli. Maji namwaga asubuhi na jioni.

Matatizo ni mawili. La kwanza, mbegu zinaota vizuri lakini kuanzia siku ya 8 hadi ya 14 miche inalala mmoja baada ya mwingine. Majani bado ni ya kijani, ila shina pale linapotokea udongoni linakuwa jembamba kama uzi na lina unyevunyevu wa kahawia. Inaanza kona moja ya trei, kesho yake imeshasambaa. La pili, ile inayopona ni mirefu na laini, na nikiitoa juani kwa ajili ya kuipeleka shambani, ndani ya siku moja majani yanapata mabaka meupe kama karatasi kisha yanakauka.

Nataka kusia upya. Nianzie wapi? Na kwa nusu eka nahitaji trei ngapi?

---

Mwanakitalu

Karibu mkuu. Umeeleza vizuri, inarahisisha kazi.

Hiyo inayolala shingoni ni kinyausi. Vimelea vyake (pithiamu na rizoktonia ndio wakubwa) vinaishi kwenye udongo, na ulivyovifanyia ni kuvipa kila kitu vinachopenda: udongo wa bondeni usiochemshwa, samadi mbichi, kivuli cha kutwa, na maji ya jioni yanayolala juu ya udongo usiku mzima. Dawa peke yake haitakuokoa kama hayo manne yamebaki.

Kabla hujakubali kwamba ni kinyausi, ng'oa mche mmoja ulioanguka uutazame kwa karibu. Shina likiwa limeminyika na kulainika kama lililomwagiwa maji ya moto, ni kinyausi. Likiwa limekatwa safi kama kwa wembe, huyo ni mdudu. Shina likiwa zima lakini mche umenyauka, shika mizizi: ikiwa ya kahawia na ganda lake linachomoka kwa vidole na kuacha uzi wa katikati, kuoza kumeanzia chini, maana yake maji hayatoki kwenye tundu. Kwa maelezo yako ni la kwanza.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo wengi tunapoulia miche. Mwagilia asubuhi. Kwa joto la Mlali trei ya matundu 200 inaweza kukauka mchana, hivyo rudia saa 7 au saa 8 ikihitajika, lakini ikishafika saa 10 jioni acha kabisa. Uso wa udongo uingie usiku ukiwa umekauka. Usipime kwa kutazama juu, nyanyua trei. Nyanyua ile uliyotoka kuimwagilia ikachuruzika, ukumbuke uzito wake, kisha nyanyua asubuhi inayofuata. Baada ya siku tatu mkono wako utakuwa umeshajua trei nzito na trei nyepesi, na hutamwaga maji kwa mazoea. Tumia keni yenye matundu madogo sana, maji ya jagi yanachimba udongo na kurushia vimelea tundu la jirani.

Trei zisikae chini. Ziweke juu ya kichanja cha fito au waya, walau sm 50 hadi 80 kutoka ardhini, hewa ipite chini. Hiyo inasaidia mara mbili: maji yanatoka, na mzizi ukifika kwenye tundu la chini ukakutana na hewa unasimama, mche unatoa mizizi mingine midogo ndani. Trei iliyolazwa ardhini mizizi inapenya chini, siku ya kung'oa inakatika.

Hesabu yako: nusu eka ni kama mita za mraba 2,023. Kila mche unachukua 0.9 × 0.5, yaani mita za mraba 0.45, kwa hiyo ni miche kama 4,500. Ongeza ya kuzibia mapengo na isiyoota, sia 5,000. Hiyo ni trei 25 za matundu 200 au trei 40 za matundu 128. Mimi ningekushauri za 128. Tundu lake ni kubwa zaidi, halikauki haraka, na linakupa siku kadhaa za nafasi kama mvua au pampu imekuchelewesha kupanda. Tundu la 200 likishafika siku ya 25 kwenye joto, mche unaanza kuzeeka hapohapo.

Trei za zamani zioshe kwa sabuni na brashi mpaka udongo wote utoke, kisha zilowekwe nusu saa kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji. Suuza, anika juani. Uchafu ukibaki klorini inaishia kwenye uchafu.

---

BwanaShamba_Kilolo

Niongezee upande wa udongo, maana mchanganyiko wako wenyewe ni tatizo hata kinyausi kisingekuwepo.

Samadi ya kuku theluthi nzima ni kali mno. Inatoa amonia na chumvi, mizizi midogo inaungua ncha, na jeraha hilo ndilo mlango wa ugonjwa. Halafu nitrojeni iliyozidi inafanya shina lirefuke na kujaa maji, ndiyo ule ulaini unaouona. Tumia samadi ya ng'ombe au mboji iliyoiva, ya miezi mitatu au zaidi, isiyo na joto ndani wala harufu ya kuchoma pua. Mchanganyiko unaofanya kazi: udongo wa juu wa msituni madebe 3, samadi iliyooza madebe 2, mchanga wa mtoni debe 1. Chekecha vyote kwa waya wa matundu madogo, bonge moja likikaa kwenye tundu la trei mche hauna pa kuweka mzizi. Udongo usitoke mahali palipolimwa nyanya, bilinganya, pilipili, viazi mviringo au tumbaku, hizo zote ni ukoo mmoja na zinarithishana magonjwa, mnyauko bakteria ukiwemo.

Kuujaribu kabla ya kusia mbegu ya bei: jaza kopo moja, mwagilia, sia mchicha. Ukiota sawasawa na baada ya wiki majani ni ya kijani bila ncha zilizoungua, udongo upo salama.

Sasa kuua vimelea. Njia ya uhakika ni mvuke. Chukua pipa la lita 200, weka maji kina cha sm 15 hadi 20, juu ya maji weka wavu wa chuma au fito zilizopangwa juu ya mawe, tandika gunia, kisha jaza udongo wenye unyevu kidogo (ukiukamata unashikana, ukiugusa unavunjika). Funika kwa gunia lililolowa, washa moto. Unataka udongo wote ufike nyuzi 80 na ukae hapo nusu saa. Kama huna kipimajoto, fukia kiazi mviringo cha wastani katikati ya udongo, karibu na juu. Kiazi kikiiva, udongo umeiva. Usiendelee kuchemsha kwa masaa ukidhani unaongeza usalama: joto likizidi sana manganizi na amonia vinafunguka kwa wingi na miche inakuwa ya njano. Mwaga kwenye turubai safi, uache siku kadhaa upoe na kupumua kabla ya kujaza trei. Koleo la kukorogea lioshwe kwanza, ukitumia lile la zizini umerudisha ulichotoa.

Njia ya pili ni jua: loanisha udongo, utandaze unene wa sm 15 hadi 20, funika kwa nailoni inayoonyesha na kingo zizikwe. Wiki 4 hadi 6 za kiangazi chenye jua kali. Nailoni nyeusi haifai kwa kazi hii, inapata joto yenyewe badala ya kulipitisha kwenda kwenye udongo.

Kuna wanaochoma majani makavu juu ya tuta la kitalu. Siikubali sana. Moto unapasha sm chache za juu, tena vipande vipande, na majivu yakiwa mengi yanapandisha pH (kipimo cha uchachu wa udongo). Nyanya inataka 6 hadi 6.8.

Ukipata kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) madukani ni nzuri na haina kinyausi ikiwa mpya, ila iloweke na uikamue maji mara mbili tatu kwanza, maana mara nyingi ina chumvi. Haina chakula chochote, utalazimika kuanza mbolea mapema.

---

MkulimaMlali

Asanteni sana wakuu. Maswali matatu ya nyongeza. Trei zilizopo sasa zina miche kama nusu bado imesimama, inaokoka? Mbegu niifukie kiasi gani? Na mbolea ya kuanzia ni ipi?

---

Mwanakitalu

Inayosimama inaweza kuokoka kama utawahi leo. Ng'oa iliyolala pamoja na udongo wake wote wa tundu, na matundu yanayoizunguka pia hata kama miche yake inaonekana mizima. Usiitupe pembeni ya kitalu, choma au ifukie mbali. Trei zitoe chini ya mwembe, zipate hewa, ruka umwagiliaji mpaka juu pakauke. Kisha mwagilia dawa yenye metalaksili na mankozebu kwa kipimo cha kwenye kibandiko, ifike kwenye udongo na si majani tu. Ulioanza kuminyika shingo haurudi, usiusubiri.

Kina ni sm 1. Chukua trei nyingine tupu, ikandamize juu ya trei iliyojazwa, vishimo vyote vinatoka sawa kwa mara moja. Mbegu moja kila tundu, funika kwa udongo uliochekechwa, mwagilia polepole. Kwa kuwa mbegu yako imetiwa dawa kiwandani usiiloweke. Wenye mbegu za kukamua wenyewe, mathalani za Tanya au Tengeru 97, waziloweke kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25 kisha wazipoze mara moja kwenye maji baridi. Hapo kipimajoto ni lazima. Nyuzi zikizidi unapika mbegu, zikipungua hujaua bakteria. Mbegu za kukamua kutoka kwenye tunda la F1 usizipande kabisa, kila mche utakuja na tabia yake.

Baada ya kusia panga trei moja juu ya nyingine, funika kwa nailoni, weka kivulini. Nyanya inaota vizuri kwenye nyuzi 20 hadi 30, ikipita 35 uotaji unashuka, kwa hiyo nailoni isipigwe na jua. Kuanzia siku ya 3 funua uangalie asubuhi na jioni. Siku ukiona vishina vya kwanza vimejikunja kama ndoano vinapasua udongo, tandaza trei zote kwenye mwanga siku hiyohiyo. Mche wa nyanya ukikaa gizani siku moja tu baada ya kuchomoza, shina linarefuka na halirudi fupi tena. Nusu ya miche mirefu ninayoulizwa imeharibikia hapo, kabla hata ya jani la kwanza la kweli.

Mbolea: subiri majani mawili ya kweli yafunguke (yale mawili ya kwanza laini si ya kweli, ni ya mbegu). Kisha NPK 19:19:19 inayoyeyuka, gramu 20 kwa ndoo ya lita 20, mara moja kwa wiki. Ikiwa majani yanapauka panda taratibu hadi gramu 40. Urea kwenye trei hapana.

---

MamaNyanya_Ilula

Mimi nijibu lile la pili, maana naona kinyausi kimechukua mjadala wote. Mabaka meupe si ugonjwa, usinunue dawa. Ni jua. Jani lililokua kivulini ni jembamba na ngozi yake ya juu haijatengeneza nta ya kutosha, ukilitoa ghafla saa 5 mchana linachomwa. Hilo jani limekwisha, lakini kama kichipukizi cha juu ni kibichi mche utaendelea.

Mwembe ni kivuli usichoweza kukipunguza. Kitalu kinataka kivuli kinachofungwa na kufunguliwa: nguzo, neti ya asilimia 50 juu, na mashariki pawe wazi jua la asubuhi liingie. Neti iwepo siku za mwanzo na saa za jua kali tu. Miche ikishakuwa na majani mawili ya kweli anza kuifungua kila siku asubuhi mpaka saa 4, jioni kuanzia saa 10.

Siku 7 hadi 10 za mwisho ndipo unapokomaza. Siku mbili za kwanza jua mpaka saa 5. Siku ya 3 na ya 4 mpaka saa 6 mchana, na tena kuanzia saa 9 alasiri. Siku ya 5 na ya 6 acha kivuli saa 7 hadi saa 9 tu. Kuanzia ya 7 neti iondoke kabisa, usiku na mchana, miche ipate na upepo. Siku ikiwa na mawingu usiihesabu, jua lake si jua.

Pamoja na hilo unapunguza maji, na hapa dada na kaka wengi wanaelewa vibaya. Kupunguza si kunyima. Subiri trei iwe nyepesi na majani yapoteze mng'ao, yawe kama yana vumbi, ndipo umwagilie na umwagilie hadi ichuruzike. Jani likishalala umepitiliza. Ukirudia kulilaza mara tatu nne mche unadumaa na utautazama shambani wiki mbili haujasogea. Mbolea yenye nitrojeni simamisha kipindi hicho.

Utajua umekomaa ukiona rangi ya kijani imekolea, sehemu ya chini ya shina imeanza zambarau kidogo na ukiupinda kwa kidole unarudi. Urefu sm 12 hadi 15, majani ya kweli manne hadi matano. Vuta mmoja kwenye trei: udongo utoke mzima na umbo la tundu, mizizi myeupe imeuzunguka. Ukibomoka bado. Mizizi ikiwa imejiviringisha minene ya kahawia, umechelewa. Kwa joto la Mlali ni siku 25 hadi 30 tangu kusia, huku kwetu kwenye baridi inafika 35 hadi 40. Mche wenye ua kwenye trei usiupande ukifurahi kwamba utawahi, umezeeka.

---

Mkulima_Subukia

Salamu kutoka Kenya. Mama Nyanya amesema kweli kuhusu rangi ya zambarau, lakini tofautisheni. Zambarau kidogo ya shina wakati wa kukomaza ni sawa. Majani yakiwa zambarau upande wa chini na mche umesimama kukua, hiyo ni fosforasi haiingii. Nyanda za juu mwezi wa sita na wa saba watu hukimbilia agrovet kununua mbolea, kumbe fosforasi imo ila mizizi ni baridi na imelowa mno. Inueni treya, mpunguze maji, usiku mfunike kwa plastiki na mchana mfungue. Rangi hurudi yenyewe majani mapya yakitoka.

Kwa miche inayorefuka kuna jambo la bei ya bure. Pitisha kipande cha boksi laini au fimbo ya bomba la plastiki juu ya ncha za miche, mara 10 hadi 20 kila siku, ikiinama kidogo na kurudi. Inafanya kazi ya upepo, shina hunenepa na urefu hupungua. Fanya majani yakiwa makavu tu, na usifanye kama kuna ugonjwa kitaluni, utausambaza mwenyewe.

---

BwanaShamba_Kilolo

Jambo moja hamjaligusa na Mlali ni eneo la joto: rasta. Majani kujikunja juu na kuwa ya njano, mche unadumaa. Ni kirusi kinacholetwa na inzi weupe, na mche ukiambukizwa kitaluni dalili zinachukua wiki mbili hadi tatu kuonekana. Kwa hiyo mkulima anaiona shambani na kulaumu shamba au mbegu, wakati mdudu aliuma kwenye trei. Kadiri mche unavyoambukizwa ukiwa mdogo ndivyo hasara inavyokuwa kubwa, mwingine hauzai kabisa.

Neti ya kivuli haimzuii, matundu yake ni makubwa. Unahitaji neti ya wadudu ya meshi 50, iwekwe siku ileile unayotandaza trei, kingo zizikwe udongoni na mlango uwe wa pazia mbili. Ndani ning'iniza plastiki ya njano iliyopakwa grisi, usawa wa ncha za miche, uone kama wameingia. Kwenye kukomaza ondoa kivuli, neti ya wadudu ibaki mpaka siku ya kupanda. Na aliyetoka kushika nyanya za zamani au kuvuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, kuna kirusi kingine cha mozaiki kinachotembea kwa mikono.

---

MamaNyanya_Ilula

Nimalizie siku ya kuhamisha. Mwagilia trei asubuhi, panda kuanzia saa 10 jioni. Shimo liwe limeshalowa. Kama unaweka mbolea ya DAP, kizibo kimoja cha soda, changanya na udongo wa chini kisha funika kwa sm 5 za udongo mtupu, mzizi usikae juu ya mbolea. Sukuma mche kutoka chini ya tundu, usiuvute kwa shina. Ikiwa ni mirefu ifukie mpaka karibu na jani la kwanza la kweli: shina la nyanya likiwa udongoni linatoa mizizi, urefu uliokuwa hasara unakuwa faida. Isipokuwa miche iliyopandikizwa juu ya shina lingine, hiyo kiungio kibaki juu ya udongo.

Bandika udongo kwa vidole, mwaga nusu lita kila shina. Matandazo yasiguse shingo.

---

MkulimaMlali

Nimeelewa. Trei 40 za 128, udongo wa mvuke, kichanja, neti mbili. Sota (viwavi wanaokata miche usiku) je? Huku wapo wengi.

---

Mwanakitalu

Lima na usafishe magugu wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, wafe njaa. Kila mche uvishe kola ya karatasi ngumu, sm 5 juu ya udongo na sm 2 au 3 chini. Ukikuta umekatwa asubuhi, usiondoke: fukua taratibu kwa kijiti kuzunguka shina, kina cha sm 2 hadi 5. Utamkuta amejikunja, rangi ya kijivu kama udongo wenyewe. Muue, maana usiku wa leo angehamia mche wa pili.